Sitara ya Msafiri Mlangoni pa Upekuzi

Ndugu na marafiki wengi wamenitaka niandike khabari za safari yetu ya Marekani, tuliyoifanya mwaka 2024, mimi na mke wangu na binti yetu wa miaka 16. Wao wanatazamia khabari za majumba marefu, na za baridi, na za maziwa makubwa mfano wa bahari. Hayo yamekwisha andikwa na wengi, na mwenye kuyataka atayapata. Mimi nimeona niandike khabari za mahali padogo sana, ambapo kila msafiri wa zama hizi hupita na wachache hupazungumza: ule mlango mwembamba wa kiwanja cha ndege, ambapo mtu huweka mkoba wake na mshipi wake katika sinia, kisha akasimama mikono juu mbele ya mtu asiyemjua. Ninayo sababu ya kupachagua mahali hapo, na sababu yenyewe si ya kujivunia.

SAFARI YA KWANZA

Mwaka 2010 nilimsindikiza mama yangu kwenda kumtazama dada yangu, aliyekuwa karibu kujifungua, naye akikaa na mumewe karibu na mji wa Dearborn, jirani na Detroit. Mama alikuwa amepita miaka 65. Alikuwa mtu wa Unguja wa zamani. Tangu nilipopata akili sikumbuki mwanamume wa kando aliyeuona unywele wake. Kupanda ndege hakukuwa jambo geni kwake, kwani alikwisha kuhiji. Lakini njia ya Ulaya ilikuwa ndiyo mara yake ya kwanza.

Tulibadilisha ndege katika kiwanja kimoja cha Ulaya ambacho sitakitaja jina, kwani aliyekosa ni mtu, si mji. Ndege yetu ya kwanza ilichelewa, na muda uliobaki ulikuwa mchache. Safu ya watu ilikuwa ndefu. Mama alipopita katika mlango wa kupimia chuma, mlango ukalia. Bangili alikwisha zivua; kilicholia ni pini za ushungi wake. Askari mmoja, mwanamume kijana, akamwashiria kwa kidole auvue ushungi pale pale, mbele ya safu nzima ya watu. Mama hakuijua lugha yao, lakini ishara aliifahamu. Akanigeukia mimi.

Ndugu msomaji, mimi lugha nilikuwa nikiijua. Niliweza kusema maneno matatu tu: kwamba huyu ni mama yangu, kwamba tunaomba askari mwanamke, kwamba tunaomba chumba cha faragha. Sikuyasema. Nilitazama saa, nikawatazama watu walio nyuma yetu wakiguna, na tena niliogopa kuwa yule askari ataliona jina langu katika pasi na kutuweka kando. Nikamwambia, "Vua tu, mama, ndege itatuacha."

Akauvua. Mvi zake zikaonekana na kila aliyekuwapo. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, na alipokwisha ruhusiwa hakuweza kuzifunga pini tena. Akajitanda kanga aliyokuwa nayo mkobani. Ndege tuliiwahi. Njia nzima hakula kitu. Tulipokaribia kufika ndipo aliponiambia neno moja, na neno hilo ninalo mpaka leo: "Mwanangu, yule kijana simlaumu, hakujua. Wewe ulijua."

Alirudi Unguja kwa ndege, kwani hapana njia nyingine. Baada ya hapo hakukubali tena kusafiri. Dada yangu alipopata mtoto wa pili alimwita, na mama akajibu kuwa atawaombea dua papo hapo alipo. Alifariki mwaka 2017, na mjukuu wake yule wa pili hakumwona ila katika picha.

KILICHOULETA UPEKUZI

Pamoja na hayo, si haki kuulaumu upekuzi bila ya kutaja kilichouleta. Zamani mtu alipanda ndege kama anavyopanda gari. Baada ya ndege nyingi kutekwa nyara, Marekani ilianza tarehe 5 Januari 1973 kumpekua kila abiria na mzigo wake wa mkononi, na nchi nyingine zikafuata njia hiyo. Tarehe 21 Desemba 1988 bomu lililotiwa katika sanduku liliangusha ndege juu ya mji mdogo wa Lockerbie, huko Scotland, wakafa watu 270, wakiwamo 11 waliokuwa majumbani mwao. Yaliyotokea Marekani tarehe 11 Septemba 2001 hayahitaji kusimuliwa. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo mtu mmoja alijaribu kuwasha baruti iliyofichwa katika viatu vyake angani, na kwa ajili ya mtu huyo mamilioni ya abiria wa Marekani walikuja kuvuliwa viatu, desturi iliyodumu mpaka Julai 2025.

Kisha ikaja siku ya tarehe 25 Desemba 2009. Kijana wa Nigeria, umri wake miaka 23, alipanda ndege ya kutoka Amsterdam kwenda Detroit, naye ameshona unga wa kulipuka ndani ya nguo yake ya ndani. Ndani ya ndege hiyo mlikuwa na watu wapatao 290. Mlango wa chuma haukulia, kwani unga si chuma. Mwenyezi Mungu akawaokoa: unga ule ulishika moto bila ya kulipuka, na abiria wakamkamata. Mwaka 2012 alihukumiwa kifungo cha maisha. Yafaa tukumbuke pia kuwa baba yake kijana huyo, Mwislamu mwenye heshima zake, alikwenda yeye mwenyewe katika ubalozi wa Marekani mjini Abuja mwezi wa Novemba 2009 kutoa khabari kuwa anamwogopea mwanawe. Baba huyo alitimiza wajibu mzito kuliko sote.

Wala mtu asiseme kuwa hayo ni mambo ya Wazungu, sisi hayatuhusu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 200, na wengi wao walikuwa watu wa nchi zetu waliotoka asubuhi kutafuta riziki. Tarehe 28 Novemba 2002 ilitupwa mizinga ya roketi kuelekea ndege iliyokuwa ikiruka kutoka Mombasa, ikakosa; na siku ile ile hoteli ya Kikambala ikalipuliwa, wakafa Wakenya wanaofanya kazi yao pamoja na wageni. Tarehe 2 Februari 2016 mtu alipanda ndege Mogadishu na bomu ndani ya kompyuta ya mkononi. Likatoboa ubavu wa ndege, likamtoa yeye mwenyewe nje, na rubani akaweza kurudi na kutua salama na abiria waliosalia. Abiria wale walikuwa nani, ila ndugu zetu? Kuhifadhi roho ni katika mambo makubwa yaliyoletwa na sharia. Mwenye kukipekua kikapu ili watu wafike kwa watoto wao hakufanya kosa.

ALIYOYASEMA MAALIM

Niliporudi Unguja mwaka ule wa 2010, moyo wangu haukutulia. Nikamwendea maalim wangu, mzee aliyenisomesha tangu utotoni, nikamhadithia yote, na nikamwuliza kama yafaa Mwislamu kusafiri katika njia ambayo atapekuliwa. Akacheka kidogo, akasema, "Upekuzi si jambo geni kwetu. Hukusoma kisa cha barua ya Hatib?"

Akanikumbusha. Mwaka wa 8 wa Hijra, Bwana Mtume (s.a.w.) alipokuwa akijitayarisha kwenda Makka, sahaba mmoja aitwaye Hatib bin Abi Balta'a, naye ni katika waliopigana Badr, aliwaandikia Makureshi barua ya kuwapa khabari, akampa mwanamke msafiri aipeleke. Mwenyezi Mungu akamjuulisha Mtume wake. Bwana Mtume akamtuma Sayyidna Ali pamoja na Zubeir na wenziwe, akawaambia kuwa watamkuta mwanamke huyo mahali paitwapo Raudhat Khakh, naye ana barua. Wakamkuta. Akakana. Wakaupekua mzigo wake, wasione kitu. Wakamwambia kuwa Mtume hasemi uwongo. Ama aitoe barua, ama hapana budi apekuliwe mwilini. Katika riwaya ya Ibn Is-haka, mwanamke yule alipoona kuwa jambo halina mzaha, alimwambia Sayyidna Ali ageuke. Naye Ali akageuka, akampa kisogo. Mwanamke akafungua misuko ya nywele zake, akaitoa barua, akampa.

Maalim akasema, "Zingatia mambo matatu. La kwanza, walikuwa na khabari ya yakini. Hawakumsimamisha kila mwanamke aliyepita njia ile kwa dhana. La pili, walikuwa wakitafuta barua, hawakuwa wakimtafuta mwanamke. Walianza na mzigo, na mwili ukabaki kuwa wa mwisho. La tatu, na hili ndilo kubwa, jeshi zima la Waislamu lilikuwa katika khatari kwa barua ile, na juu ya hayo Ali aligeuza uso wake alipoombwa. Kugeuza uso hakukuizuia barua kupatikana."

Kisha akanieleza kanuni ya wanachuoni wa fiqhi, kuwa dharura huhalalisha kilichokatazwa, lakini dharura yenyewe hupimwa kwa kadiri yake. Tabibu akihitaji kuutazama mkono, dharura imemhalalishia mkono, haikumhalalishia bega. Na mpekuzi ni vivyo hivyo: amehalalishiwa kadiri ya kukipata kile cha khatari, na kinachozidi hapo hana idhini nacho.

Nikamwuliza, "Na mimi, Maalim, kosa langu ni lipi?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Yule mwanamke aliomba Ali ageuke. Mama yako hakuwa na wa kumwombea ila wewe."

MTAMBO ULIOFUNDISHWA KUGEUZA USO

Miaka iliyofuata niliishughulikia khabari hii kama mtu anayelipa deni, na ilinidhihirikia kuwa dunia nzima ilikuwa katika mzozo ule ule aliokuwa nao mama yangu.

Baada ya tukio la Desemba 2009, viwanja vingi vya Marekani na Ulaya vilieneza mitambo mipya ya kupekua mwili. Mitambo hiyo hupeleka miale au mawimbi yanayopenya nguo, kisha yakarudishwa na ngozi na kila kilichofichwa juu yake. Ndivyo unavyopatikana unga usiokuwa chuma. Lakini ile ya mwanzo ilikuwa ikitoa picha ya umbo la mtu kana kwamba hakuvaa kitu, na afisa aliyekaa katika chumba kingine akiitazama. Watu waliambiwa kuwa uso umefichwa na kuwa picha haziwekwi. Mwaka 2010 ikajulikana kuwa mtambo wa namna hiyo, uliokuwa katika mahakama moja ya mji wa Orlando, jimbo la Florida, ulikuwa umehifadhi picha zaidi ya 35,000. Hapo hapakuwa kiwanja cha ndege, lakini watu walifahamu kuwa kinachoweza kuonekana huweza kuwekwa, na kilichowekwa huweza kupotea mikononi.

Dini yetu haikungoja mitambo kutufunza jambo hili. Katika sura ya An-Nur, aya ya 27 na ya 28, tumekatazwa kuingia nyumba za watu mpaka tupate idhini na kuwaamkia wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Na imepokewa katika hadithi sahihi kuwa mtu mmoja alichungulia tunduni katika chumba cha Bwana Mtume (s.a.w.), naye akamkemea vikali, akafahamisha kuwa hodi imewekwa kwa ajili ya jicho. Basi ikiwa nyumba ya udongo ina haki ya kupigiwa hodi, mwili alioupa Mwenyezi Mungu heshima una haki zaidi.

Mwezi wa Februari 2010 Baraza la Fiqhi la Amerika ya Kaskazini lilitoa kauli yake. Lilisema kuwa usalama wa wasafiri ni jambo la lazima na linauunga mkono, lakini kumwonyesha mtu uchi wake kwa watu wengine kunakhalifu mafunzo ya Uislamu. Likawashauri Waislamu wachague kupekuliwa kwa mkono badala ya mtambo. Wala hawakuwa peke yao. Mwezi huo huo Papa wa Roma aliwaambia wafanyakazi wa viwanja vya ndege kuwa utu wa mtu hauna budi kuhifadhiwa hata katika kutafuta usalama. Watetezi wa haki za raia, wengi wao wasiokuwa na dini yetu, wakaishitaki serikali ya Marekani, na Julai 2011 mahakama ya Washington ikaamuru serikali isikilize maoni ya watu juu ya mitambo hiyo. Huko Uingereza, mwanzoni mwa mwaka 2010, wanawake wawili walikataa kupita katika mtambo kiwanjani Manchester, mmoja wao Mwislamu aliyekataa kwa ajili ya dini na mwenziwe kwa sababu ya afya, wakazuiwa kupanda ndege yao ya kwenda Islamabad. Yule Mwislamu alipoteza safari kuliko kupoteza sitara.

Na matokeo yalikuwa nini? Mtambo ulifundishwa adabu. Kuanzia mwaka 2011 Marekani ilianza kutia katika mitambo programu mpya ambayo haitoi picha ya mwili wa mtu. Programu yenyewe hukitafuta kitu, na afisa huonyeshwa umbo tupu, mfano wa mtu aliyechorwa na mtoto mdogo, umbo moja kwa wote, mwanamume na mwanamke, mnene na mwembamba. Na penye kitu hutokea alama. Mwaka 2012 Bunge la Marekani likaifanya kuwa sharia ya nchi, na ile mitambo isiyoweza kufundishwa ikaondolewa viwanjani ilipofika mwezi wa Mei 2013. Umoja wa Ulaya nao Novemba 2011 uliweka kanuni kuwa picha zisihifadhiwe, na kuwa abiria asiyetaka mtambo ana haki ya kupekuliwa kwa njia nyingine. Uingereza ilichelewa mpaka Novemba 2013 kuwapa abiria khiari hiyo.

Nilipoyasoma hayo nilikumbuka maneno ya Maalim. Mtambo ule umegeuza uso, na barua ingali inapatikana. Waliokuwa wakisema kuwa hapana budi tuchague moja, ama usalama ama heshima, wamejibiwa na mafundi wao wenyewe. Lakini haukugeuza uso kwa hiari yake. Uligeuza kwa sababu watu walisema, kwa adabu na kwa njia za sharia, bila ya kuvunja kitu na bila ya kumtukana mtu.

SAFARI YA PILI

Sasa turudi katika safari ya mwaka 2024. Tulitoka Dar es Salaam usiku, tukafika Amsterdam asubuhi. Kiwanja cha huko huitwa Schiphol, nacho ni ajabu kwa mtu wa pwani, kwani kimejengwa chini ya usawa wa bahari. Mahali hapo palikuwa ziwa kubwa, na Waholanzi walilikausha kwa mashine za mvuke mpaka likaisha maji mwaka 1852. Pale penye ndege ndipo zamani zilipopita mashua. Ndani yake pana hata chumba cha utulivu kwa watu wa dini zote, ambamo tulisali.

Njia yetu ilikuwa ile ile ya Desemba 2009: kutoka Schiphol kwenda Detroit. Binti yangu aliijua khabari hiyo, akawa kimya safuni. Tulipokaribia mlango akaninong'oneza, "Baba, kwa nini watupekue? Kwani sisi wezi?"

Nikamwambia, "Neno hilo lafanana na walilolisema watu wa msafara katika sura ya Yusuf, walipozuiwa njiani. Walisema wao si wezi. Nabii Yusuf hakumkamata mmoja kwa jina lake. Alianza na mizigo ya wengine kabla ya mzigo wa nduguye. Kupekuliwa pamoja na watu wote si kutukanwa. Tukanalo ni kupekuliwa kwa jina." Na hili la jina nalo limepata kutokea: Januari 2010 Marekani iliamuru raia wa nchi 14, nyingi zao za Kiislamu, wapekuliwe zaidi ya watu wengine, na Aprili ya mwaka huo huo amri hiyo ikaondolewa, ikawekwa njia ya kufuata khabari zenye sifa za mtu anayeshukiwa. Walirudi katika lile la kwanza alilolisema Maalim.

Nilipita mimi, akapita binti yangu, mtambo haukuonyesha kitu. Alipopita mke wangu, katika lile umbo tupu ikatokea alama kichwani. Ilikuwa pini ya ushungi. Askari mwanamke akamkaribia, akanyosha mkono. Mke wangu akanitazama, kama alivyonitazama mama miaka 14 iliyopita.

Safari hii nilisema. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kwamba mke wangu hana pingamizi ya kupekuliwa, lakini anaomba afunuliwe kichwa faraghani, mbele ya wanawake. Yule askari akajibu, "Bila shaka," akamwita mwenziwe mwanamke, wakaenda naye chumbani. Hazikupita dakika tano wakatoka. Ushungi wake ulikuwa umefungwa vizuri kuliko alivyoingia, na yule askari akamtakia safari njema. Mke wangu akasema, "Kila alipotaka kuniwekea mkono alinambia kwanza." Nikamwambia kuwa huko ndiko kupiga hodi.

Dakika tano tu! Nilikaa katika kiti cha kungojea nikazihesabu dakika zile, nikaona jinsi lilivyokuwa dogo jambo nililomnyima mama yangu.

NASAHA KWA WENYE KUSAFIRI

Nisingependa ndugu zangu wajifunze kwa majuto kama nilivyojifunza mimi. Basi haya ndiyo niliyoyaona yafaa kwa nyumba yenye safari:

Kwanza, fikeni mapema. Aliyechelewa hana ulimi; kila haki yake huiuza kwa dakika. Kilichonifunga kinywa mwaka 2010 kilikuwa saa kabla ya askari.

Pili, zijueni haki zenu na mzijue kwa lugha ya huko. Nchini Marekani mwanamke hupekuliwa kwa mkono na mwanamke, na abiria aweza wakati wowote kuomba chumba cha faragha na kuingia na mtu wake wa kushuhudia. Ushungi haumlazimu mtu kuuvua hadharani. Kwa kawaida abiria wa huko aweza kuukataa mtambo akapekuliwa kwa mkono, ijapokuwa tangu Desemba 2015 maafisa wanaweza kuwalazimisha baadhi ya watu. Wafunzeni vijana wenu maneno haya kabla ya safari, kwani mara nyingi wao ndio ulimi wa wazee wao.

Tatu, punguzeni kinacholia. Pini za chuma, bangili na bizimu za mshipi ziwekwe mkobani mpaka mpite. Na mwenye kufunika uso ajue kuwa kumlinganisha mtu na picha ya pasi yake ni haki ya mlinzi. Aombe alinganishwe na mwanamke, mahali pa faragha.

Nne, msifanye mzaha. Neno la bomu likisemwa kwa kucheka husikiwa kwa kulia. Mlinzi naye amesimama tangu alfajiri, ana watoto, na amebeba roho za watu. Mwanzeni kwa uso mkunjufu.

Tano, nawaambia vijana wetu wanaofanya kazi hiyo katika viwanja vyetu, Unguja na Pemba, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi: mkono wenu ni amana. Mkitafuta, tafuteni kitu. Semeni kabla ya kugusa. Mkiona cha siri kisicho cha khatari, dawa ya mgonjwa au nguo ya mtu, kifunikeni kwa mikono yenu na kwa ndimi zenu. Yule kijana wa mwaka 2010 alikuwa akilinda roho za watu, na hilo ni jambo jema. Lakini kwa ishara moja ya kidole alimfungia mtu mzima njia ya kwenda kumwona mjukuu wake.

Tulipofika Detroit dada yangu alitupokea na watoto wake wawili. Yule wa pili, ambaye mama hakuwahi kumbeba, sasa ni msichana mkubwa, na uso wake ni uso wa bibi yake. Aliniuliza kwa nini bibi hakuja kuwatazama tena. Sikumwambia kuwa ni kwa sababu ya askari, wala ya mtambo. Nilimwambia kuwa mjomba wake alinyamaza siku ambayo kusema kulikuwa wajibu wake.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yangu, amsitiri huko aliko kwa sitara isiyofunuliwa, anisamehe mimi ukimya wangu, na awafikishe salama wasafiri wote makwao, na roho zao na heshima zao zimehifadhika. Amin.